MBEGU YA PAMBA NA MDUDU KIBIBI

Mkulima achaguapo mbegu ya pamba hutazama mavuno na ubora wa nyuzi. Lakini atazame na jani pia, kwa maana jani ndilo uwanja wa kuwindia wa mdudu kibibi, yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwenye mgongo mwekundu au wa manjano na alama nyeusi. Chakula chake ni vidukari. Mtoto wake mmoja huweza kula mamia kabla hajakomaa.

Jani lenye manyoya

Pamba yenye majani laini huharibiwa sana na chawa jani. Kingo za jani hugeuka manjano, kisha nyekundu, na jani hukunjamana. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1920, mbegu ya U4 ilichaguliwa huko Barberton, Afrika Kusini, kwa kuwa majani yake yana manyoya. Wataalamu wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walifuata njia hiyo hiyo walipozalisha mbegu za UK.

Manyoya marefu na mengi humzuia chawa jani kutaga mayai ndani ya mishipa ya jani. Lakini manyoya hayo hayo humtatiza mtoto wa mdudu kibibi. Hutembea kwa shida na kukamata vidukari wachache.

Kishimo cha utamu

Geuza jani la pamba, utazame mshipa mkubwa. Utaona kishimo kidogo kitoacho maji matamu. Mdudu kibibi hunywa maji hayo wakati vidukari ni haba, naye haondoki shambani. Marekani walizalisha pamba isiyo na vishimo. Baadhi ya wadudu waharibifu walipungua, na wadudu rafiki wakapungua vile vile.

Basi fanya hivi

1. Panda mbegu iliyopendekezwa kwa wilaya yako. Usitafute jani laini. Chawa jani watakumaliza.
2. Usipige dawa kwa mazoea. Kagua shamba kila wiki, ukigeuza majani.
3. Mjue mtoto wa mdudu kibibi. Hafanani na mzazi wake: ni mrefu, mweusi au wa kijivu, mara nyingi mwenye madoa ya manjano. Usimwue.
4. Ukiona vidukari wachache pamoja na wadudu kibibi, ngoja siku chache, ukague tena. Vidukari wakizidi, mwone Bwana Shamba kabla ya kununua dawa.

Dawa nyingi huua adui na rafiki pamoja. Vidukari huzaa upesi kuliko mdudu kibibi, kwa hiyo wao ndio watakaotangulia kurudi, nawe utanunua dawa mara ya pili.