Jua la Saa Tatu Usiku

Akina mama wa Afrika Mashariki tumezoea kuuhesabu Juni kuwa mwezi wa sweta. Masika yamepita, kusi inavuma pwani, na huko Njombe au Limuru mtu haondoki karibu na jiko bila sababu. Kwa hiyo binti au mdogo wetu aliyehamia Uingereza anapotuambia kuwa huko Juni ndio mwanzo wa kiangazi, tunamwonea wivu kidogo. Mawazo yetu yanakwenda kwenye kiangazi tunachokijua: jua kavu, vumbi barabarani, na nguo zinazokauka kabla hujamaliza kuanika.

Kumbe mwenzetu ana mashaka yake. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, mtoto mdogo hataki kulala, mkubwa anapiga chafya kutwa, na yeye mwenyewe anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu chumba kimejaa mwanga. Anaanza kujiuliza kama watoto wamekuwa wakaidi au kama yeye ndiye amepungukiwa na uvumilivu. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama aliye nyumbani ambaye angependa kumshauri lakini hajui mambo ya huko.

KWA NINI JUA HALIZAMI

Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Mwezi Juni upande wa kaskazini ndio ulioelekea jua, na Desemba ni zamu ya kusini. Sisi tulio karibu na ikweta hatuoni tofauti kubwa. Nairobi urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, na Dar es Salaam kwa dakika kama 50. Hata saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua hilo lisilotangatanga: likichomoza tunaanza kuhesabu saa za mchana, likizama tunaanza za usiku.

Ukiipeleka saa hiyo London, inakwama. Tarehe 21 Juni jua la London huchomoza kama saa 10 na dakika 43 alfajiri na kuzama saa 3 na dakika 21 usiku. Huo ni mchana wa zaidi ya saa 16 na nusu. Edinburgh, kule Skotilandi, jua huzama baada ya saa 4 usiku, na kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini zaidi, mchana hukaribia saa 19. Tena giza haliingii upesi kama kwetu. Mwangaza hukawia angani muda mrefu baada ya machweo.

"MAMA, BADO MCHANA!"

Sasa mfikirie mama anayesema, "Mwanangu, ni saa moja usiku, kalale." Mtoto anatazama dirishani, anaona jua linawaka na wenzake wanacheza mpira, naye anajibu kwa unyofu kabisa kwamba si usiku. Huo si ukaidi. Anachokiona kinapingana na maneno ya mama yake. Mwili wake nao unamuunga mkono, kwa kuwa homoni ya usingizi iitwayo melatonini hutolewa giza linapoingia, na mwanga huichelewesha.

Hata hivyo mahitaji yake ya usingizi hayapungui kwa sababu ni Juni. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Shule nyingi za England huendelea mpaka wiki za mwisho za Julai. Mtoto anayekesha na jua wiki sita mfululizo atanuna, masomo yatamlemea, na nyumba itajaa kelele asubuhi na machozi jioni.

Yafaa basi nyumba iongozwe na saa ya ukutani, si na dirisha. Mambo haya husaidia:

1. Tundika pazia zito la rangi nyeusi au lenye bitana nene. Kama fedha hazitoshi, blanketi la rangi iliyokolea likifungwa vizuri linafaa. Angalia kamba za pazia zisining'inie karibu na kitanda cha mtoto, kwani zinaweza kumnyonga.

2. Funga pazia na uzime televisheni nusu saa kabla ya muda wa kulala, ili mwili upate kujiandaa.

3. Fuata utaratibu uleule kila siku: kuoga, hadithi, sala, kitandani.

4. Mweleze mtoto sababu. Chukua chungwa na taa, umwonyeshe jinsi dunia ilivyoinama. London ikiwa saa moja jioni na jua liko juu, kwa bibi yake kule Mwanza ni saa tatu usiku na giza limeingia zamani. Mtoto anayeelewa hubishana kidogo zaidi, lakini hutii mapema zaidi.

KIANGAZI CHENYE MVUA

Mwanga wa Juni unaweza kuupanga kwenye kalenda. Mvua yake haipangiki. Uingereza iko kati ya Bahari ya Atlantiki na bara la Ulaya, na juu yake, kama kilometa 10 angani, hupita mkondo wa upepo mkali utokao magharibi. Mkondo huo ukipita kaskazini mwa nchi, watu hupata jua na utulivu. Ukishuka juu yao, mawingu ya mvua kutoka Atlantiki hufuatana kama magari kwenye foleni.

Ndiyo maana Juni mmoja haufanani na mwingine. Tarehe 2 Juni 1975 theluji ilizuia mchezo wa kriketi mjini Buxton. Mwaka uliofuata ukaja ukame na joto kali. Juni wa 2012 ulikuwa na mvua nyingi kupita Juni zote zilizotangulia tangu 1910. Kisha tarehe 19 Julai 2022 joto likavuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika historia ya vipimo vya nchi hiyo.

Je, taarifa ya redio inafaa kuaminiwa? Inafaa, ukijua maana yake. Mwaka 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjika katika dhoruba kwenye pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, ofisa wa majini aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa tangu ilipoanzishwa mwaka 1854, akaanza kupeleka maonyo ya dhoruba bandarini. Mwaka 1861 taarifa yake ya kwanza kwa umma ilichapishwa gazetini. Hakutaka kazi yake ihesabiwe kuwa unabii. Alisema ni maoni yatokanayo na vipimo na hesabu. Sisi hutumia neno moja, utabiri, kwa mpiga ramli na kwa mtaalamu wa hali ya hewa, hivyo ni rahisi kusahau tofauti hiyo.

Ukisikia kuwa uwezekano wa mvua ni asilimia 40, maana yake ni kwamba katika siku 10 zinazofanana na hiyo, mvua hunyesha siku 4 hivi. Taarifa ya kesho na keshokutwa ina nguvu. Ya wiki mbili zijazo inaonyesha mwelekeo tu. Mama mwenye busara humwekea mtoto koti jepesi la mvua mkobani hata kama asubuhi ni nyeupe, na huanika nguo mapema akipata saa mbili tatu za ukavu. Ni vema kutoanika nguo mbichi ndani ya chumba kilichofungwa, kwani unyevu huleta ukungu kwenye kuta, na ukungu huo hudhuru vifua vya watoto.

ANGALIA AFYA

Chafya za Juni si mafua siku zote. Huu ni msimu wa chavua ya majani, yaani ule unga mwepesi wa maua ya nyasi unaopeperushwa na upepo. Macho yakiwasha na pua ikitiririka siku za jua, ukaona nafuu mvua ikinyesha, zungumza na mfamasia.

Siku ya joto watoto hutamani kuruka mtoni au ziwani. Maji ya huko hubaki baridi sana mwanzoni mwa kiangazi hata hewa ikiwa moto, na baridi ya ghafla humkata pumzi hata anayejua kuogelea. Usiwaruhusu bila msimamizi.

Tena ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D. Upungufu wake huweza kuwaletea watoto matege. Wizara ya afya ya Uingereza hushauri watu wenye asili ya Kiafrika wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku mwaka mzima, na wajawazito pia wasisahau. Kwa mtoto mchanga, muulize mkunga au muuguzi kipimo kinachofaa.

BAADA YA TAREHE 21

Wageni wengi hawatambui kwamba tangu mwisho wa Juni mchana huanza kupungua, ingawa joto lenyewe bado halijafika kileleni. Mwanzoni hupungua kwa sekunde, lakini ifikapo Septemba London hupoteza karibu nusu saa kila wiki. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Machi husogezwa mbele. Anayesahau Machi hufika kanisani watu wanatoka. Kwa sababu hiyo tofauti kati ya London na Afrika Mashariki ni saa 2 wakati wa kiangazi, na saa 3 wakati wa baridi.

Tarehe 21 Desemba mchana wa London haufiki saa 8. Jua huzama kabla ya saa 10 jioni. Baadhi ya watu hushikwa na huzuni nzito majira hayo. Hulala kupita kiasi na kukosa hamu ya kazi. Ni ugonjwa unaojulikana kwa madaktari, wala si dalili ya imani haba au uvivu. Kutoka nje kila siku adhuhuri husaidia, na huzuni ikizidi ni lazima kumwona daktari.

Kwa hiyo, wewe mama uliye nyumbani, mwanao akikupigia simu Juni akilalamika kwamba watoto hawalali, mwambie atafute pazia zito. Na utakapompigia wewe mwezi Januari, usiishie kumwuliza habari za kazi na baridi. Mwulize kama ametoka nje leo jua likiwa bado juu.