Hofu na Tahadhari Ugonjwa wa Kuambukiza Unapoingia Mashinani

Hofu ya ugonjwa wa kuambukiza hufika kabla ya ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Nairobi tarehe 13 Machi 2020, na siku hiyohiyo habari ilikuwa imefika kila soko lenye redio na simu, Kanja ya Embu likiwemo. Virusi vilihitaji abiria wa kuvibeba. Kanja iko upande wa Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya inayolimwa kahawa na majani chai. Watu wake hushuka Embu mjini kwa shughuli, wana watoto na jamaa Nairobi, na matatu huwarudisha nyumbani wikendi, Krismasi na msiba unapotokea. Ugonjwa hufuata njia hizohizo. Kati ya habari na ugonjwa, basi, hubaki siku kadhaa au wiki, na hofu hufanya kazi yake katika muda huo, iwe nzuri au mbaya.

Hofu yenyewe si kosa. Asiyeogopa hata kidogo hanawi mikono, hapeleki mtoto kuchanjwa, wala haoni haja ya kukaa nyumbani anapokohoa. Madhara huanza watu wanapoogopa kisichoambukiza na kuzoea kinachoambukiza, au wanapomwogopa anayekuja kuwasaidia kuliko wanavyouogopa ugonjwa. Mambo haya mawili yamejitokeza mara nyingi Afrika Mashariki, na yote mawili yanaweza kuepukwa.

Swali la kwanza kuhusu ugonjwa wowote mgeni ni hili: unapitia wapi? Kipindupindu huingia kwa kinywa, katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo kumsalimia mgonjwa kwa mbali hakusaidii ikiwa maji ya kunywa hayajachemshwa. Surua huruka hewani, na virusi vyake huweza kubaki katika chumba hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Kati ya watu wasiochanjwa, mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Ebola huua wagonjwa wengi zaidi, kwa wastani karibu nusu yao, lakini haienezwi kwa hewa kama surua. Huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Dalili zake huanza siku 2 hadi 21 baada ya mtu kuambukizwa, na kabla hazijaanza hamwambukizi mwenzake. Korona ni kinyume cha hapo: mtu huweza kuieneza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, na wengine hawajisikii vibaya kamwe.

Ukali wa ugonjwa na wepesi wake wa kuenea ni mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. Jina la Ebola hutikisa nchi nzima hata mgonjwa anapokuwa mbali sana, ilhali surua, ambayo huua watoto kimyakimya, haimshtui mtu sokoni. Yeyote anayetaka kujikinga vyema hana budi kuyatenganisha haya mawili kwanza.

Tahadhari si kitu kigeni katika nyanda hizi. Kabla ya ukoloni, Waembu, Wambeere na Wameru hawakuwazika watu wao wote. Kwa kawaida maiti ilipelekwa nje ya makao, kichakani, na pengine mgonjwa aliyekatiwa tamaa alitolewa nje ya nyumba kabla hajakata roho. Aliyegusa maiti alihesabiwa kuwa na unajisi, akakaa kando mpaka atakaswe. Shabaha ya desturi hizo ilikuwa utakaso wa kiroho, na aliyezishika hakujua chochote kuhusu vijidudu. Hata hivyo ziliwaweka watu mbali na maiti na kumtenga kwa muda aliyeigusa. Misheni na serikali ya kikoloni zilileta mazishi ya kaburini, na baada ya vizazi vichache mazishi yakawa mkusanyiko mkubwa kuliko yote ya kijiji: kamati, mchango, mahubiri, chakula cha mamia ya watu. Afisa wa afya anayewataka watu wapunguze mazishi anagusa kitu kizito, na inafaa ajue kwamba jamii hiyohiyo iliwahi kuishi kwa kanuni tofauti kabisa.

Mafua makali ya 1918 yaliipata nchi katika hali mbaya. Yaliingia kupitia bandari ya Mombasa mwezi Septemba, yakapanda bara na wasafiri. Wanaume wa Embu na Meru walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza katika vita dhidi ya Wajerumani, na waliosalia walikuwa wakirudi wamedhoofika. Mvua zilikosekana, njaa ikaingia. Mwili wenye njaa hauhimili maradhi, na kaya ambayo watu wazima wote wamelala kitandani haina wa kuteka maji wala kukoka moto. Wengi katika janga la aina hiyo hufa kwa kukosa uji, maji na mtu wa kuwaangalia. Jambo hilo husahaulika haraka kila tahadhari inapogeuka kuwa kukimbiana.

Mwaka 2020 hatua za kuzuia korona zilikuja kwa kasi. Shule zilifungwa. Kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi na vitongoji vyake zilisimamishwa, na aliyekuwa jijini akabaki huko hata mzazi alipofariki nyumbani.

Sokoni, mbele ya duka na kituo cha matatu, palitokea mtungi wa plastiki wenye koki, ndoo ya kukinga maji machafu na kipande cha sabuni. Kifaa hiki cha bei ndogo kina sayansi nzuri nyuma yake. Virusi vya korona, kama vya Ebola, vimezungukwa na utando wa mafuta. Sabuni huuvunja utando huo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria, na virusi vikavuliwa utando wake haviambukizi tena. Vijidudu vingine visivyo na utando wa namna hiyo hubanduka mkononi na kwenda na maji. Sharti ni muda: mikono isuguliwe kwa sekunde 20 hivi, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Wengi sokoni waliichovya mikono na kuikung'uta mara moja, na hapo kazi ya sabuni haikupata nafasi.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa hewa. Ilipodhihirika kwamba korona huenea hasa kwa pumzi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa, watu walikuwa wameshazoea kufikiri kwamba adui yuko mikononi. Mwezi Julai, baridi na ukungu vinapotanda kwenye miteremko ya Mlima Kenya, abiria hufunga madirisha yote ya matatu. Abiria 8 waliopumua hewa moja kwa saa nzima, barakoa zimeshushwa kidevuni, walikuwa hatarini kuliko wachumaji wa majani chai walio shambani. Dirisha lililofunguliwa kidogo lingefanya kazi kubwa kuliko sanitaiza aliyonyunyiza utingo mlangoni, na halina gharama yoyote.

Hofu isiyojua njia ya ugonjwa hutafuta dawa popote. Machi 2020 uvumi ulienea sehemu kadhaa za Kenya kwamba strungi bila sukari ni kinga ya korona, na watu wakaamka usiku kuinywa. Malimau na tangawizi vilipanda bei. Vinywaji hivi havidhuru, na mwenye homa hupata nafuu akinywa chochote cha moto. Hasara yake ni kwamba aliyekwisha kunywa kinga hujiona salama, akaenda kukaa katikati ya umati.

Miraa na muguka zilionyesha upande mwingine wa tahadhari. Watafunaji hukaa kwa makundi na mkono huenda kinywani kila mara, kwa hiyo wasiwasi wa kiafya ulikuwa na msingi. Kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku biashara hiyo kwa muda, na Somalia ilisimamisha ndege za kigeni, soko kuu la miraa ya Meru likafungika. Mkulima wa Igembe au Mbeere hakuwa na mgonjwa nyumbani, ila kipato kilikatika. Mtu wa namna hii hawezi kuambiwa akae nyumbani asubiri, kwa kuwa kwake hatari ya njaa ni ya wiki hii na ya ugonjwa ni ya labda.

Kumwogopa anayesimamia tahadhari ni habari nzito zaidi. Katika miezi ya kwanza ya 2020, waliopelekwa karantini za serikali walitakiwa kujilipia malazi, na baadhi yao waliongezewa siku baada ya 14 za awali. Mwezi Mei serikali ilitangaza kwamba ingebeba gharama. Baadhi ya waliokamatwa kwa kuvunja kafyu nao waliingizwa karantini. Karantini ni hatua ya kitabibu ya kumsubirisha mtu aliyekutana na mgonjwa hadi ijulikane kama ameambukizwa. Ikitumiwa kama adhabu, watu huikimbia, na wakiikimbia hawaendi kupimwa.

Tarehe 1 Agosti 2021, Kianjokoma, soko jingine la Embu, vijana wawili wa baba na mama mmoja walikamatwa na polisi kwa kudaiwa kuvunja kafyu. Maiti zao zilipatikana katika mochari mjini Embu. Polisi walidai kuwa waliruka kutoka gari likiwa mwendoni. Wakazi waliandamana, na maafisa sita wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji, mashtaka waliyoyakana. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo, Siku ya Mashujaa, katika uwanja wa Wang'uru, kaunti jirani ya Kirinyaga. Kwa afya ya umma, hasara ya tukio kama la Kianjokoma haiishii kwa familia iliyofiwa. Kijiji kikishaona kwamba agizo la kujikinga linaweza kuua, agizo lijalo litapokelewa kwa mashaka hata likiwa la haki.

Kivu ya Kaskazini nchini Kongo ilipitia jambo hili kwa ukali zaidi. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Vituo vya matibabu vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa Butembo. Sehemu ya chuki hiyo ilitokana na vita na siasa za muda mrefu. Sehemu nyingine ilitokana na kile familia zilichokiona: mgonjwa anaingizwa ndani ya hema na watu waliofunikwa uso, kisha anatoka katika mfuko wa maiti. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vidogo vyenye kuta za plastiki angavu. Mama aliweza kusimama nje akamwona mwanawe na kuzungumza naye, na muuguzi aliweza kumhudumia kupitia glavu zilizoshikizwa ukutani. Mazishi nayo yalibadilishwa, ndugu wakaruhusiwa kusali na kushuhudia huku maiti ikibebwa na waliofunzwa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa kufuata mzingo: waliokutana na mgonjwa, kisha waliokutana na hao. Chanjo hiyo ni ya Ebola aina ya Zaire, na haikuwa kinga dhidi ya aina ya Sudan iliyozuka Uganda 2022 na tena 2025.

Nyumbani, tahadhari ya kwanza ni kumchagua mtu mmoja wa kumhudumia mgonjwa, mwenye afya, asiye mjamzito. Kwa maradhi ya pumzi, mgonjwa alale peke yake penye dirisha, na wote wawili wavae barakoa. Kwa anayehara, dawa ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, aanze kunywa mara moja akiwa njiani kwenda hospitali. Jiki ya asilimia 3.5 ikichanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji safi hutoa dawa ya asilimia 0.5 ya kufutia sakafu na vyombo vilivyochafuliwa. Ya mikono ni hafifu mara kumi: kipimo kimoja cha mchanganyiko huo kwa vipimo tisa vya maji. Itengenezwe upya kila siku, na isichanganywe na dawa nyingine ya choo kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Anayeshukiwa kuwa na Ebola asihudumiwe nyumbani hata kidogo; wapigiwe simu watu wa afya, na wenzake wakae mbali na majimaji yake.

Mlipuko wa Ebola hutangazwa kuwa umekwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi kati ya kuambukizwa na dalili kuanza. Waliopona hawaambukizi kwa kusalimiana au kula pamoja, ingawa virusi huweza kubaki katika shahawa kwa miezi, na wanaume hushauriwa kutumia kondomu hadi vipimo viwaachilie. Hata hivyo, Gulu, Uganda, baada ya mlipuko wa 2000 uliomuua daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, kuna waliopona wakakuta nyumba na mali zao zimechomwa.

Mtu wa Kanja anayeona vifo vya ghafla katika boma moja, au homa yenye kutoka damu, ana mahali pa kuanzia: mhudumu wa afya ya jamii, ambaye huhudumia kaya zipatazo 100. Kenya ilizindua wahudumu zaidi ya 100,000 wa aina hii mwezi Septemba 2023. Taarifa hutoka kwake ikaenda zahanati, kisha ofisi ya afya ya kaunti ndogo, na sampuli ikapelekwa maabara. Majibu yakirudi, familia ya mgonjwa ndiyo inayostahili kuambiwa kwanza, wafuate waliokutana naye, na jina lake lisitajwe sokoni wala kanisani.