Kodi ya Majengo Katika LUKU

Wanakijiji wengi siku hizi wana nyumba mjini au wana watoto waliopanga huko. Basi kodi ya majengo inatuhusu na sisi.

Zamani kodi hii ilidaiwa kwa karatasi. Wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba na vitabu vya stakabadhi. Nyumba nyingine hazikuandikwa kabisa. Wengine walilipa, wengine walijificha. Tangu Agosti 2021, Serikali inaikata kodi hii pale mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa. Nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa mjini ni shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu.

Ukinunua umeme mara ya kwanza katika mwezi, kodi hukatwa kwanza. Fedha inayobaki ndiyo ya umeme. Usiponunua miezi miwili, deni linakungoja palepale.

Je, ni nani anayedaiwa? Kwa sheria ni mwenye nyumba. Lakini mashine inajua mita tu, haimjui mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji, basi yeye ndiye anayekatwa. Kwa mwaka mzima ni shilingi 18,000, na hiyo ni fedha ya sare ya mtoto! Mpangaji atunze risiti zake. Siku ya kulipa pango azipeleke kwa mwenye nyumba, wapunguziane. Ni vizuri wakubaliane mapema, tena kwa maandishi. Kusoma na kuandika tumejifunza, tukutumie.

Pengine nyumba moja ina mita mbili, na zote zinakatwa. Hapo nenda ofisi ya TANESCO au ofisi inayohusika na kodi hii ukaombe isahihishwe. Chukua namba za mita zote mbili.

Wapo wasiodaiwa. Mzee wa miaka 60 au zaidi amesamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Nyumba za udongo na za nyasi nazo hazidaiwi.

Kodi hii imewekwa ili kusaidia huduma kama barabara, taka na zahanati. Kukusanya kumekuwa rahisi, hilo tunalisifu. Lakini risiti ya LUKU haisemi fedha imefanya kazi gani. Jambo hilo linaulizwa kwenye mkutano wa mtaa, na diwani ndiye wa kulijibu.