Maji Gani Yaingie Kwenye Rejeta, na Yapi Kwenye Kompyuta?



Mliposoma mlango wa tohara mlitajiwa maji saba yanayofaa kutawadhia: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Kila mmoja wenu anaweza kuyahesabu kwa vidole. Sasa tuulizane: katika hayo saba, yapi yanafaa kumiminwa kwenye rejeta ya gari? Wengi watajibu upesi, "Yote, si ni maji?" Hapana. Maji ya bahari yanatawadhiwa bila shaka yoyote, lakini yakiingia kwenye injini ya Hiace na kukaa humo, haupiti muda mrefu chuma kinaanza kuliwa. Safi ya udhu ina masharti yake, na safi anayoitaka fundi ina masharti mengine kabisa.

Makala haya yameletwa na swali la baadhi ya wanafunzi wanaopenda kompyuta. Wamesikia kwamba zipo kompyuta zinazopozwa kwa maji, nao wanauliza ni maji gani hayo. Jibu lake linaeleweka vizuri zaidi tukianzia kwenye vitu tunavyoviona kila siku hapa Musoma, Bunda na Butiama, yaani magari, mitumbwi na mashine za kusaga, halafu ndipo tuifikie kompyuta.

MAJI YANAFANYA KAZI GANI HUMO?

Maji ni mchukuzi. Yanapita mahali penye moto, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta, upepo wa feni unalichukua, kisha yanarudi kubeba tena. Kwa kazi hii ya uchukuzi Mwenyezi Mungu ameyapa maji uwezo mkubwa sana. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kama kilojuli 4.2. Kilo moja ya ethilini glaikoli, ambayo ndiyo msingi wa kulanti nyingi, inahitaji kama 2.4 tu. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata kama 3.4. Kwa hiyo maji matupu yanabeba joto kuliko kulanti.

Hapo watu wengi husema, "Basi mjadala umekwisha, tuweke maji." Tufanye hesabu kwanza. Chukua kompyuta yenye prosesa kubwa inayotoa wati 200 za joto, na pampu inayozungusha lita moja kwa dakika. Maji matupu yakipita juu ya prosesa hiyo yatapanda joto kwa nyuzi karibu 2.9. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu utapanda kwa nyuzi kama 3.3. Tofauti haifiki hata nusu nyuzi! Kwa jambo dogo kama hilo hakuna haja ya kugombana. Swali la maana ni jingine: kimiminika hiki kitaifanya nini shaba, chuma, aluminiamu na mipira kikikaa humo mwaka mzima?

ZIWA LETU NA VISIMA VYETU

Miji yetu yote mitatu inakunywa ziwa moja. Musoma inavuta maji yake Ziwa Viktoria, Butiama inapelekewa na mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, na Bunda ina chanzo chake Nyabehu. Maji ya ziwa hili yana chumvichumvi kidogo ukilinganisha na maji ya maziwa mengine mengi. Kwa hiyo yanayochotwa ziwani hayana shida kubwa ya chokaa. Shida yake ni uhai: yana mwani, vijidudu na tope laini. Ukiyaweka kwenye mzunguko wenye uvuguvugu, mwani ukapata na mwanga, utaota humo kama ulivyo kwenye mawe ya ufukweni. Yale ya bomba yametiwa klorini, ambayo huua vijidudu, lakini baki lake ni chumvi zinazoweza kuitoboa aluminiamu vitundu vidogo vidogo.

Maji ya visima virefu yana habari nyingine. Yamekaa kwenye mwamba na kuyeyusha madini. Yakipashwa moto, sehemu ya madini yale hugeuka kuwa magamba meupe ya chokaa, kama yale mnayoyaona chini ya birika la zamani. Magamba hayo hayapitishi joto vizuri, tena yanaziba vijia vyembamba vya rejeta.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni kwenye mashine za kusaga za dizeli, zile zenye pipa la maji pembeni. Maji ya pipa yanazunguka kwenye injini, yanarudi ya moto, na mengine yanapaa kama mvuke. Mwenye mashine anaongeza ndoo. Mvuke unapaa peke yake, madini yanabaki. Tuseme maji ya kisima chake yana miligramu 200 za madini kwa kila lita, na anaongeza lita moja kila siku kufidia iliyopaa. Kwa mwaka mzima ameingiza gramu 73 za mawe ndani ya pipa na injini yake, huku akiamini kwamba anaongeza maji tu.

Mtu ataniambia, "Mbona injini za mitumbwi pale Mwigobero zinapozwa kwa maji ya ziwa hayo hayo na zinadumu?" Swali zuri. Injini zile hazizungushi maji. Zinayavuta, yanapita mara moja, yanatemwa nje. Hakuna kinachopata nafasi ya kukusanyika, na zimeundwa kwa kazi hiyo. Rejeta ya gari na bomba za kompyuta ni mzunguko uliofungwa. Ulichokiingiza leo utakuwa nacho mwaka kesho. (Pikipiki nyingi za bodaboda hazimo kwenye mjadala huu, maana zinapozwa kwa upepo.)

MAJI YA KUCHAGUA

Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke, na mvuke ukapozwa ukawa maji tena, madini yakaachwa nyuma. Madukani huuzwa kwa jina la "maji ya betri". Hapa nawaomba muwe macho. Kuna watu wanaita maji ya betri hata ile asidi inayotiwa kwenye betri mpya. Hiyo ni asidi ya salfa: inaunguza ngozi, inapofusha macho, na ndani ya rejeta ni maangamizi. Soma maandishi ya chupa kabla ya kulipa. Kama hayasomeki, acha.

Maji ya chupa ya kunywa si maji yaliyokenekwa, hata yawe ang'avu namna gani. Yana madini, na mara nyingi yameorodheshwa pale pale kwenye karatasi ya chupa. Maji ya mvua yanakaribia kabisa yaliyokenekwa, lakini yakipita kwenye bati yanachukua vumbi na kinyesi cha ndege. Ukilazimika, acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga ya baadaye kwenye chombo safi, uchuje.

Maji yaliyokenekwa peke yake nayo hayatoshi, na hili huwashangaza wengi. Maji matupu hayana kitu cha kuilinda metali. Yakikutana na chuma na hewa, kutu inaanza. Ndiyo maana tunahitaji kulanti.

KULANTI KATIKA NCHI ISIYO NA BARAFU

Huko Ulaya kulanti hutiwa hasa ili maji yasigande wakati wa baridi na kupasua injini. Kwetu hapagandi kitu, ndiyo sababu madereva wengi wanaona kulanti ni fedha ya bure. Lakini ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na hiyo tunaihitaji sawa na wao. Jambo la pili ni kuchemka. Musoma iko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji katika sufuria iliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100, na kadiri unavyopanda kuelekea Butiama yanachemka mapema kidogo zaidi. Kulanti inakipandisha kiwango hicho nyuzi kadhaa. Kifuniko cha rejeta, kwa kuyabana maji, kinakipandisha kama nyuzi 20 au zaidi.

Hapo ndipo watu wanapoungua. Maji yaliyobanwa yanaweza kuwa na nyuzi 105 na yakawa yametulia. Ukifungua kifuniko, ule mgandamizo unaondoka ghafla, maji yanageuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Gari likichemsha njiani baina ya Makutano na Bunda, lizimwe, lisubiriwe nusu saa au zaidi, na kifuniko kisiguswe mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Utingo mwenye haraka asikubaliwe. Kama kulanti haipo, mimina maji safi yoyote yaliyopo, taratibu, ili mfike. Maji ya kisima kwa safari moja hayataua injini. Linaloua ni kuyasahau humo miezi sita. Mkifika, yamwageni, suuzeni kwa maji yaliyokenekwa, mjaze upya.

Kipimo kinachotajwa na vitabu vingi vya magari ni nusu maji, nusu kulanti. Chini ya theluthi moja dawa ya kutu inakuwa hafifu. Kulanti tupu bila maji nayo ni kosa, maana hubeba joto vibaya. Nyingine zimeshachanganywa kiwandani. Hizo haziongezwi maji. Wala msidanganywe na rangi. Kijani, nyekundu, waridi au buluu ni rangi ya kutia tu, na kila kiwanda hutumia itakayo. Aina mbili zenye dawa tofauti zikichanganywa zinaweza kuganda kama uji na kuziba rejeta. Fuata kitabu cha gari.

SASA TUIFIKIE KOMPYUTA

Kupoza kompyuta kwa kimiminika si jambo jipya. Mwaka 1985 ilitoka kompyuta kubwa iitwayo Cray-2 ambayo vifaa vyake vyote vya umeme vilizamishwa ndani ya kimiminika kiitwacho Fluorinert, kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika kinachozunguka kama cha gari, na baadhi yake baadaye zilivuja na kuharibika.

Kuvuja ndiyo hofu kubwa. Kuna wanaosema maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme, hivyo hata yakivuja hakuna neno. Msiwaamini. Ni kweli yakiwa mapya yanapitisha kidogo sana, lakini yakizunguka kwenye shaba kwa siku chache yanayeyusha chembe za metali, na yakidondokea kwenye vumbi la kompyuta yanayeyusha na chumvi zake. Anayefunga mzunguko mpya aendeshe pampu peke yake kwa saa 24, kompyuta yenyewe ikiwa haina umeme, akiwa ameweka karatasi laini chini ya kila kiungo. Tone likionekana, akaze na kuanza upya.

Kimiminika chake ni maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu, au kile kilichochanganywa tayari kwa kazi hiyo. Kibadilishwe kama mara moja kwa mwaka. Vile vyenye rangi nzito kama ya maziwa vinapendeza machoni, lakini chembe zake hutuama na kuziba vijia vyembamba vilivyo juu ya prosesa, mimi sivipendi. Na kabla ya kimiminika, tazama metali. Shaba na aluminiamu katika maji yale yale huwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Rejeta ikiwa ya shaba, na kibao cha juu ya prosesa kiwe cha shaba.

Ukweli ni kwamba wengi wenu hamhitaji haya. Maji hayawezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Kama chumba kina nyuzi 30 mchana, huko ndiko mwisho wake. Kompyuta inayochemka hapa mjini mara nyingi imejaa vumbi kwenye feni; brashi laini na nusu saa vinatosha.

SUMU TAMU

Ethilini glaikoli ni tamu na mara nyingi imetiwa rangi ya kuvutia kama sharubati. Ni sumu kali. Kiasi kisichojaa kikombe kinaweza kumuua mtu mzima, na kwa mtoto ni kidogo zaidi. Aliyekunywa huanza kuyumba kama mlevi na kutapika, kisha anaweza kuonekana ametulia, wakati mwili unaigeuza kuwa asidi zinazoharibu figo. Utulivu ule usiwapumbaze. Apelekwe hospitali saa ile ile pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue ni nini. Dawa yake ipo na inasaidia zaidi ikiwahi. Ipo pia propilini glaikoli, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Mwenye watoto na kompyuta ya maji nyumbani achague hiyo.

Kulanti isihamishiwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa muda mfupi. Iliyotumika isimwagwe uani, maana mbuzi, paka na mbwa nao huipenda kwa utamu wake, wala kwenye mtaro, maana mitaro ya Musoma inaishia ziwani tunakochota. Ikusanywe kwenye dumu lake lenye kifuniko, liandikwe SUMU kwa herufi kubwa, na lipelekwe gereji wanakokusanya oili chafu.