Mtoto wa Chemba na Lango la Chuo Kikuu

Msafiri atokaye Chemba kwa basi kuelekea kusini hufika Dodoma baada ya saa chache tu, na huko Chimwaga, mashariki ya mji, aweza kuyaona majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kwa macho ya msafiri huyo chuo ki karibu. Lakini kwa mwanafunzi aliyeketi leo darasani katika shule ya kata huko Kwa Mtoro au Farkwa, chuo hicho ki mbali mno. Barabara kuu siku hizi ni ya lami, wala haiwezi kulaumiwa. Uko umbali wa namna nyingine, nao ndio tutakao kuupima leo.

Ndugu msomaji, na tuanze na historia. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Waingereza ilifungua shule Tabora, na nia yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wana wa machifu. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia shule hiyo mwaka 1937. Mwaka 1943 alikwenda Makerere, Uganda, kwa sababu Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Basi shule ya kuwaandaa vijana kwa masomo ya juu si jambo geni kwetu. Kilichobadilika ni jibu la swali hili: nani aingie? Zamani swali hilo lilijibiwa kwa ukoo. Baada ya Uhuru tukataka lijibiwe kwa mtihani.

Leo Tabora, pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, ni shule za Serikali za vipaji maalum. Msalato, ambayo ni ya wasichana, imo humu humu mkoani mwetu. Wanaochaguliwa kwenda huko ni wale wenye alama za juu kabisa, nao hulala bwenini na kusoma wakilitazama lango la chuo kikuu. Ada nayo imeondolewa: hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu Julai 2022. Hayo ni mambo ya kushukuru, na asiyeyashukuru hakumbuki wazazi walivyouza mbuzi wa mwisho ili mtoto asirudishwe nyumbani.

Hata hivyo, yatupasa kusema kweli. Mtihani humwuliza mtoto anajua nini. Haumwulizi alijifunza wapi. Mtoto wa Chemba huenda huzungumza Kisandawe, Kirangi, Kiburunge au Kigogo nyumbani. Shule ya msingi humpokea kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza humkabidhi Kiingereza. Huenda kila asubuhi hutembea mwendo mrefu, na katika mwaka wa mvua chache hurudi jioni hajala kitu. Karatasi anayowekewa mbele yake ni ile ile anayowekewa mtoto wa mjini mwenye taa, vitabu na mwalimu wa jioni. Akipitwa kwa alama chache, je, tuseme amepitwa kwa akili?

Wenzetu wa Marekani nao wamehangaika na swali hili. Mwaka 1991 jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kuruhusu shule za umma ziendeshwe kwa mkataba, na mwaka 1992 shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa katika mji wa St. Paul. Shule hizo hazitozi ada, na waombaji wakizidi nafasi, kwa kawaida hupigwa kura. Baadhi yake, katika miji mikubwa, zimejitwika kazi moja: kumfikisha chuoni mtoto wa nyumba maskini. Wamarekani wenyewe bado wanabishana juu yake, kwani wako wasemao kwamba zinazipunguzia fedha shule za kawaida. Hatusemi tuige kura yao. Lakini liko somo moja la kuchukua: kumwandaa kijana kwa chuo ni kazi yenye kufundishwa kama hesabu zinavyofundishwa.

Tazama mambo anayotakiwa kuyajua kijana wetu. Lazima achague tahasusi mapema, maana atakaye udaktari hana budi kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lazima apeleke maombi chuoni mwenyewe, kwa njia ya intaneti. Akitaka mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, lazima awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na awe na mdhamini. Mtoto wa karani huyasikia hayo mezani kwa baba yake. Mtoto wa mkulima wa alizeti atayasikia wapi? Kijana aweza kufaulu mtihani wa kidato cha sita, kisha akabaki nyumbani kwa kukosa karatasi moja. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni daktari au mwalimu ambaye Chemba imempoteza.

Chemba imekuwa wilaya tangu mwaka 2012, ilipomegwa kutoka Kondoa. Wilaya changa ina mahitaji mengi, lakini yako mambo matatu yasiyongoja mradi mkubwa. Kwanza, kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa kabla hajamaliza shule ya msingi. Pili, kila shule ya sekondari iwe na mwalimu aliyepewa kazi na saa za kuwashauri wanafunzi tangu kidato cha pili, naye asaidiwe na vijana wetu walioko vyuoni wanaporudi likizo. Tatu, wazazi watenge chakula cha shule wakati wa mavuno, kabla debe la mwisho halijauzwa, na hosteli za wasichana zijengwe karibu na madarasa.

Wako wasemao shule za vipaji zifungwe kwa kuwa ni za wachache. Wako pia waonao kwamba zatosha. Wote wamekosea. Shule hizo ni kilele, na kilele hakisimami bila mlima, na mlima wenyewe ni shule za kata, zilizojengwa kwa matofali na mchanga waliobeba wananchi kwa mikono yao.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Serikali imefungua lango. Njia iendayo langoni yapita katika kila kijiji cha Chemba, na kuifyeka ni kazi yetu sote.