Jinsi ya Kupanga Jumba la Kijiji

Watu wengi wakisikia Mombasa hufikiria feri, Ngome na magorofa. Lakini sisi wa bara twajua. Ukiingia ndani kutoka Bamburi mpaka Mwakirunge utakuta bado kuna minazi, mihogo, mbuzi njiani na akina mama na madumu yao ya maji. Katika makala haya nataka kueleza jinsi kijiji cha namna hiyo kinavyoweza kujipangia jumba lake, yaani pahali pa mikutano, kliniki ya watoto, ngumbaru, na pa sisi wanafunzi wa kutwa kusomea jioni, maana wengi wetu nyumbani taa ni moja na watu ni tisa.

Nasema "kujipangia" kwa sababu majumba mengi hupangwa na wageni, halafu yakatiwa kufuli. Nalijua moja, jina la kijiji nalibana, limejengwa vizuri kabisa, rangi na vioo, na leo kazi yake ni kuweka mifuko ya simiti na viti vya harusi. Watoto wanasomea nje chini ya mkorosho.

Na ajabu ni kwamba jambo hili si geni huku pwani. Wamijikenda walikuwa na moro katikati ya kaya, pahali pa wazee kukata mashauri. Kaya hizo zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Waswahili nao wana baraza mbele ya nyumba, haina mlango wala karani. Huku Kisauni kuna kengele ya Frere Town, makao ya watu waliookolewa utumwani yaliyoanzishwa na wamisheni mnamo 1875. Mpaka leo kondakta wa matatu akiita "Kengeleni!" anaitaja kengele ile. Kitovu cha watu kikiwa cha kweli, hata jina la mtaa hulifuata.

Basi kazi huanza kwa kuuliza, si kwa kuchora. Na kuuliza kuna wakati wake. Ukiitisha mkutano saa nne asubuhi, akina mama wako kisimani na vijana wako vibaruani, utapata wazee watupu, nao watakwambia kijiji chataka ukumbi wa mikutano. Nenda kisimani uulize, utaambiwa maji na pahali pa kupimia watoto uzito. Waulize wanafunzi, utaambiwa taa. Haya yote ni kweli, ndiyo maana ya kuuliza mara tatu.

La pili ni ardhi, na hapa ndipo pwani yetu huumia. Watu wengi huishi mahali kwa vizazi bila hati. Huko Likoni, wakaazi wa shamba la Waitiki, ekari 930, walikaa miaka mingi kama maskwota mpaka hati zilipoanza kutolewa Januari 2016. Sasa wewe jenga jumba kwenye kiwanja cha mtu, halafu mwenyewe atokee na karatasi zake! Ikiwa ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yaruhusu wanakijiji kujiandikisha na kupata hati kwa jina la jamii. Ikiwa ni ya mtu, apewe heshima yake na aandike mbele ya mashahidi na wakili. Kabla ya hapo tofali lisilale chini hata moja.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, ambalo mimi binafsi ndilo lanipendeza zaidi kwa kuwa ni jiografia na hesabu tupu. Mombasa iko karibu digrii 4 kusini ya ikweta. Jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki na la jioni ukuta wa magharibi, kwa hivyo kuta hizo ziwe fupi na zisiwe na madirisha makubwa. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Bahati nzuri pepo zetu nazo huja huko huko: kusi katikati ya mwaka, na kaskazi kuanzia Disemba mpaka Machi. Madirisha yakitazamana, upepo utapita wenyewe bila feni. Upenu nao utokeze mita moja. Adhuhuri ya Juni, jua likiwa upande wa kaskazini, upenu huo hufunika karibu mita mbili za ukuta.

Paa ndilo lina ubishi. Makuti ni baridi na tuna mafundi wake, lakini hushika moto, yataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji yake ni machafu. Bati lina joto, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Lakini bati huvuna maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita 15 kwa 8 ni mita mraba 120. Mombasa hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, basi ni lita 120,000, na tukitoa thuluthi moja ya kumwagika zabaki 80,000. Usifurahi mapema lakini! Tangi la lita 10,000 likijaa Mei, zingine zote zamwagika chini. Kwa hivyo tangi lipangwe kabla ya rangi na vioo. Mimi nachagua bati, na chini yake dari ya mikeka au makuti.

Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima, tena upande wa chini, maana jiwe letu la matumbawe lina nyufa na uchafu hupita ndani yake. Cha wanawake kiwe na mlango wake usiotazama baraza, la sivyo hawatakitumia.

Mwisho ni ufunguo. Chumba cha dawa na vitabu kifungwe, funguo ziwe tatu: mmoja kwa mzee wa mtaa, mmoja kwa chama cha akina mama, na mmoja kwa mwanafunzi atakayechaguliwa kila muhula. Sehemu iliyobaki, yaani baraza pana ya kuzunguka jengo lote, yenye taa ya jua na viti vya simiti, isiwekwe mlango kabisa.