Mgeni Huja na Mruko Wake

Gemu ya Super Meat Boy ilitoka Oktoba 2010 kwenye Xbox 360, na mwezi uliofuata ikafika kwenye kompyuta. Walioitengeneza ni Wamarekani wawili, Edmund McMillen na Tommy Refenes. Mhusika wake ni kijana asiye na ngozi, mchemraba wa nyama nyekundu wenye miguu, anayemfuatia mchumba wake aliyetekwa nyara. Njiani kuna misumeno ya duara, mashimo na makombora. Akiguswa anakufa, na kufumba na kufumbua yuko hai tena mwanzoni mwa hatua ileile. Hatua zinazidi 300, nyingi fupi kiasi kwamba aliyezizoea huzimaliza kwa sekunde chache.

Gemu ngumu za kuruka majukwaa zilikuwapo tangu zamani, kwa hiyo ugumu peke yake usingeifanya itajwe hadi leo darasani na kwenye vikao vya watengenezaji. Nikiwafundisha vijana utengenezaji wa gemu, mimi huwaonyesha orodha yake ya wageni. Ukiokota plasta za kutosha zilizofichwa humo, au ukipita kwenye milango ya siri, unampata mtu wa kucheza badala ya Meat Boy, na mtu huyo ana gemu yake kwingine, yenye mwenyewe mwingine. Yumo Commander Video wa Bit.Trip. Yumo Ogmo wa Jumper, na The Kid wa I Wanna Be the Guy. Kwenye Xbox yupo Tim wa Braid. Kwenye kompyuta yupo Captain Viridian wa VVVVVV, roboti Josef wa Machinarium, Naija wa Aquaria, na hata yule mchimba matofali wa Minecraft. Karibu wote ni watoto wa watengenezaji huru, yaani mtu mmoja, wawili au kikundi kidogo kisicho chini ya kampuni kubwa.

Kukusanya wahusika wa gemu mbalimbali si jambo jipya. Nintendo walifanya hivyo mwaka 1999 kwa Super Smash Bros. Lakini ile ni gemu ya kupigana: ukimwingiza mpiganaji mpya ulingoni, ulingo unabaki ulivyo. Kwenye gemu ya kuruka majukwaa mambo ni mengine kabisa, na ili uone kwa nini, inabidi tufungue boneti kidogo.

Gemu ya aina hii kwa kawaida huchora picha 60 kwa sekunde. Kabla ya kila picha, programu hujiuliza maswali machache: mhusika yuko wapi, ana kasi gani, amegusa nini, kitufe kipi kimebonyezwa? Ukibonyeza cha kuruka, anapewa kasi ya kwenda juu. Katika kila picha inayofuata, mvutano unaila kasi hiyo kidogokidogo mpaka iishe, kisha unaigeuza kuelekea chini. Ukiachia kitufe mapema, gemu nyingi huukata mruko katikati, ndiyo maana mguso mfupi hutoa mruko mfupi. Hiyo ndiyo siri yote ya kuruka: namba nne au tano tu, zilizorekebishwa kwa majuma au miezi mpaka vidole vya mchezaji viseme naam.

Mwenye kujenga hatua hufanya kazi yake juu ya namba hizo. Tuseme mhusika anaweza kuvuka vigae vitano na asizidishe. Shimo la vigae vinne, kwa mjenzi, ni pumziko. La vitano ni mtihani. La sita ni ukuta, hata kama kwa macho ni uwazi mtupu. Hatua nzima ni maswali yaliyoandikwa kwa kipimo cha mwili mmoja. Sasa mlete Ogmo, ambaye akiwa hewani huruka mara ya pili. Vigae sita havimtishi. Ule ukuta umekuwa mlango, na swali ulilolitunga kwa juma zima limejibiwa kabla mchezaji hajalisoma.

Kwa hiyo mhusika wa gemu ya majukwaa si sura yake. Ni kile anachoweza kutenda: kuruka, kuelea, kugeuza, kurudisha. Anayemwazima anaazima kitenzi, na kitenzi kikiingia kwenye sentensi mpya, sentensi nzima inabidi ijipange upya.

McMillen na Refenes walilijua hilo. Wageni watano wa milango ya siri hawakumwagwa tu katika hatua zilizokuwapo. Kila mmoja alijengewa chumba chake, hatua tatu zilizopimwa kwa mwili wake, na mchezaji anapewa roho tatu za kumaliza kila hatua. Ukimfungua ndipo unaruhusiwa kumpeleka katika hatua za kawaida, na huko anafungua njia za mkato ambazo Meat Boy hawezi kuzipita. Plasta nyingine zilizowekwa mahali pa ajabu hupatikana kirahisi zaidi ukibadilisha mtu. Hapo gemu ya wepesi wa vidole inageuka fumbo: unasimama, unaitazama hatua, unajiuliza ni nani wa kumtuma.

Si kila mgeni alihamia vizuri, na hapa nina neno na Commander Video. Kwao, katika Bit.Trip Runner, hasimami kamwe. Anakimbia mwenyewe kufuata muziki, na kazi ya mchezaji ni kumrusha, kumtelezesha na kumpigisha teke kwa wakati. Uzuri wake wote uko katika kutosimama huko. Ndani ya Super Meat Boy, ambamo mchezaji ndiye anayeamua kukimbia au kutulia, kitenzi hicho hakina pa kukaa. Wakambunia kingine: anaelea hewani kwa muda. Ni mgeni mwenye adabu, ana rangi zake na chumba chake cha picha za kizamani, lakini yule niliyemjua kwao hayumo.

Tim ni habari nzito zaidi. Braid ya Jonathan Blow, ya mwaka 2008, ni gemu ya mafumbo iliyovaa nguo za Mario. Tim anaweza kurudisha wakati nyuma bila kikomo, kwa hiyo kufa hakumgharimu kitu. Katika ulimwengu mmoja, vitu vinavyong'aa kijani havirudi nyuma pamoja na wengine: ufunguo ulioushika unabaki mkononi ingawa mlango umerudi kuwa umefungwa. Katika ulimwengu mwingine wakati unafuata miguu yake. Akienda kulia unasonga mbele, akienda kushoto unarudi, akisimama dunia nayo inasimama. Baadaye kivuli chake kinarudia alichokitenda kabla hajarudisha wakati, na inabidi ushirikiane na nafsi yako ya sekunde chache zilizopita. Blow hakukupa uwezo wa kurudisha wakati ili usamehewe makosa. Msamaha kwake ni jambo la kuanzia. Fumbo linaanzia pale msamaha unapokuwa haukusaidii.

Mpeleke Tim sasa kwa Meat Boy. Anarudisha wakati kama kwao, lakini hakuna ufunguo wa kijani, hakuna kivuli. Na katika gemu ambayo hatua ni ya sekunde kadhaa na ukifa unafufuka papo hapo, kurudi nyuma kidogo ni faida ndogo kuliko inavyosikika. Kitenzi ni kilekile na maana imepungua. Sisemi hili kuwalaumu waliomwalika, kwa maana wangetaka maana yote ingewabidi waitengeneze Braid upya.

Captain Viridian alibahatika zaidi. VVVVVV ya Terry Cavanagh, ya Januari 2010, ina shujaa asiyeruka hata kidogo. Anageuza mvutano: sakafu inakuwa dari, dari inakuwa sakafu, naye anaanguka kwenda juu. Miiba, kuta na vichochoro vyembamba tayari vilikuwa chakula cha kila siku cha Super Meat Boy, na hatua iliyojengwa kwa mtu wa kuruka, ukiiangalia juu chini, inakupa ramani mpya kabisa bila mjenzi kuongeza kigae. Kwangu mimi huyo ndiye mgeni aliyelipa posho yake, akifuatiwa na yule wa Minecraft, ambaye huchimba matofali na kuyapanga pengine, uchokozi mkubwa katika gemu ambayo kila tofali liliwekwa kwa hesabu.

Watangulizi wapo. The Lost Vikings ya 1993 ilikuwa na watu watatu, mmoja wa kuruka, mmoja wa upanga, mmoja wa ngao, na hakuna aliyeweza kufika peke yake. Ila hao watatu walibuniwa pamoja, kila upungufu ukikatwa ili ulingane na uwezo wa mwenzake. Wageni wa kuazimwa hawakutarajia kamwe kukutana, na ugumu wa kazi uko hapohapo.

Siku hizi njia rahisi zaidi imeenea: kumvika mhusika wako mavazi ya mwingine na kuendelea kama jana. Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Dead Cells, kwenye nyongeza yake ya Novemba 2021 iliyokusanya Hollow Knight, Blasphemous, Guacamelee na wenzao, ilisimama katikati: pamoja na mavazi, ilileta silaha za kila gemu, kila moja na namna yake ya kupiga. Hata hilo linatosha kumfanya mchezaji aseme, hapa namwona fulani.

Upande wa makubaliano nao una utamu wake. Wengi wa watu hawa walikuwa wakifahamiana. Meat Boy mwenyewe alianza mwaka 2008 kama gemu ndogo ya Flash kwenye tovuti ya Newgrounds, na Alien Hominid, mgeni mwingine wa Xbox, alitokea hukohuko. Watu wa aina hiyo hukopeshana kama majirani. Commander Video alipokuja kwa Meat Boy, Meat Boy naye alikwenda kumsaidia katika Bit.Trip Fate. Biashara kubwa nayo haikukosa kuchungulia: gemu ilipouzwa kwenye Steam, duka la kampuni ya Valve, orodha ilibadilika, na akaingia Headcrab, mdudu wa Half-Life, gemu ya Valve haohao.

Yupo pia The Kid, ambaye gemu yake ya mwaka 2007 ilijaa picha na muziki uliochukuliwa kutoka gemu za Nintendo na wengine bila kuomba, ikagawiwa bure. Kisha yeye mwenyewe akaja kualikwa rasmi. Chumba chake ndani ya Super Meat Boy kina sifa mbaya ya ugumu hadi leo.

Na mwishoni mwa 2010 shirika la kutetea wanyama la PETA lilitoa gemu ya dhihaka, Super Tofu Boy, kuwakebehi wala nyama. Jibu la McMillen na Refenes lilikuwa kumwingiza Tofu Boy katika toleo lao la kompyuta. Walimpunguzia kasi, wakampunguzia mruko, wakamwacha. Hatua za kawaida zinamshinda. Sijaona kejeli nyingine iliyosemwa yote kwa tarakimu bila kutumia neno hata moja.

Ujirani, hata hivyo, una mwisho wake mbele ya sheria. Mhusika ni kazi ya sanaa yenye hakimiliki tangu anapochorwa, iwe Marekani, Kenya au Tanzania, na jina lake laweza kuwa alama ya biashara. Kitenzi chenyewe, kwa kawaida, hakimilikiwi namna hiyo: yeyote anaweza kutengeneza gemu ya kugeuza mvutano, ila hawezi kumwita shujaa wake Captain Viridian. Jambo la ajabu ni kwamba kilicho na thamani kubwa kwa mchezaji ndicho kisichohitaji ruhusa.

Palipowaka moto katika Super Meat Boy ni kwenye muziki. Toleo la awali lilikuwa na nyimbo za Danny Baranowsky, ambazo mashabiki waliziimba kama za kwao. Gemu ilipofika PlayStation 4 mwaka 2015, hakukuwa na makubaliano ya kuzitumia, ikabidi muziki mpya uandikwe na watu wengine. Misumeno ni ileile, hatua ni zilezile, na waliozoea ya kwanza walihisi wamepangishwa nyumba yao wenyewe yenye fanicha za mtu mwingine.

Kwa kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kumwalika mhusika wa rafiki katika gemu yake, nashauri kazi mbili, na zifuatane hivi. Kwanza mjaribu mgeni akiwa mchemraba mtupu, bila picha wala jina. Kama mchezaji hamtambui kwa mwendo, rudi kwenye namba. Akishatambulika, andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaosema gemu itauzwa kwenye mashine zipi, kwa muda gani, na nini kitatokea ikihamia mashine ambayo leo haijatengenezwa. Usainiwe kabla gemu haijaanza kuuzwa.